Ya Juu Kwanza

"Ya juu kwanza!" Orest anapaza sauti
kutoka dirisha la jikoni, mgongo wake umefungwa mkanda
kama mzigo wa posta.
"Odarka! Ya kujazia kwanza, ndipo ya kumwagia!"
Miaka thelathini na minne nimemsikia akiiambia pikapu hii
maneno ambayo hajawahi kuniambia mimi.
Leo ni zamu yangu kulala chini yake.

Nimeizungusha hadi ghala la nafaka na kurudi,
mafuta yapate joto, yalegee.
Oktoba ya Saskachewani haina masihara:
ngano imeshavunwa, mabata bukini wanahama wakigombana angani,
na baridi ya sakafu inapenya fulana mbili
ikanigusa ubavu kama mkono wa daktari.

Ya juu kwanza. Jirani Klymchuk hakusikia la mkuu:
alimwaga, difu ikakauka,
kisha nati ya juu ikamgomea, kutu imekula kona zote nne.
Gari likakaa juu ya magogo wiki nzima,
naye akaenda kanisani kwa trekta.

Basi natia spana, narefusha mpini kwa kipande cha bomba,
nasukuma kwa mguu.
Wapi.
Nasukuma tena, kwa mguu na kwa jina la mama mkwe.
Kra!
Imekubali.

Sasa ya chini.
Yanatoka taratibu, kamba nyeusi inayong'aa,
halafu harufu: mayai viza, kiberiti,
kitu kilichofungiwa gizani kikisaga kimya kimya
kwa kilomita elfu themanini.
Paka ameondoka bila kuaga.

Kwenye ncha ya nati kuna sumaku,
na sumaku imeota manyoya ya kijivu, laini,
unga wa chuma, uzee wa kawaida.
Naupangusa kwa kidole gumba.
Chini ya unga, kitu kigumu.
Jino.
Si zima, ncha tu, limezidi punje ya ngano kidogo,
upande mmoja unameta,
pale lilipokatika pana chembechembe kama sukari.

Jino la gia halikatiki kwa kwenda kanisani.
Aprili gari lilirudi na tope hadi kwenye vioo,
Orest akashuka amejipinda, mkono kiunoni.
"Mvua tu," alisema. "Nimeteleza kwenye ngazi za benki."
Wiki ile ile trekta la Klymchuk,
lililozama kando ya ziwa hadi nusu ya matairi,
lilitoka. Kwa neema ya Mungu, walisema.

"Kuna nini kwenye sumaku?"
Sauti ya dirishani imepungua.
"Unga," najibu. "Unga tu."
Jino nalitia mfukoni mwa aproni,
likakae na vifungo viwili na risiti ya chachu.

Nafunga ya chini. Mafuta mapya yalikuwa yakioga
katika sufuria yangu ya supu, maji moto hadi shingoni mwa chupa.
(Hilo Orest halijui. Hatakiwi kujua.)
Napampu, napumzika, napampu,
mpaka yanachungulia kwenye tundu la juu
na kudondosha tone moja,
mtoto aliyeshiba akicheua.
Difu ya mbele ingoje kesho. Mabega yangu si ya kukodi.

Jioni naijaribu barabarani.
Kwenye kona gurudumu la nje hukimbia, la ndani husubiri,
na difu katikati yao huwapatanisha
kwa kusagika yenyewe.
Nikikata kulia, kimya.
Nikikata kushoto, mmm,
mtu anayeimba huku amefunga mdomo.

Orest yuko mezani, anamenya kitunguu.
"Inalia?" anauliza, macho kwenye kisu.
"Ikikata kushoto. Kidogo."
Kisu kinasimama.
Friji inanguruma, inanyamaza.
"Kushoto," anasema, "ndiko lilikokuwa ziwa."
Kisha anaendelea kumenya.