Mshale Mmoja

Ghorofa ya tisa, Hilltown, Dundee. Januari, saa nane za usiku.
Kipasha joto kinagugumia kama mgeni aliyenyimwa sukari,
na kompyuta yangu kuukuu imetangaza: diski imejaa.
Si mama aliyeijaza, najua, maandishi hayana uzito,
lakini mkono ulikwenda kwake kwanza:
miaka kumi na mmoja ya ujumbe wa Jumapili kutoka Usangi,
kila mwaka na faili lake.

Nikafungua dirisha jeusi, lile lisilo na picha wala huruma.
Soma faili hili, kisha mshale, >,
maneno yasimwagikie kwenye kioo,
yaingie katika chungu kimoja nilichokiita mama.
2009 ukaingia. Nikaufuta ule wa asili, nipunguze mzigo.
2010, mshale mmoja tena.

Aliye macho angeweka miwili.
Miwili huongeza mkiani. Mmoja humwaga kilichomo
ndipo ujaze.
Mashine haikuuliza, una hakika?
Haikukohoa hata. Ilitii.
Maji yakimwagika hayazoleki,
na haya hayakulowesha hata sakafu.

Eilidh wa zamu ya usiku hospitalini ndiye aliyenifundisha:
majibu yana mfereji wake, makosa yana wake, namba mbili,
lila na fila hazitangamani;
makosa ukitaka unayaelekeza kwenye shimo lisilo na kitako
usiyasikie milele.
Langu halikupita huko.
Machoni pa mashine halikuwa kosa.

Iliyobaki nikaiunga polepole, mishale miwili, miwili,
nikinong'ona kama anayehesabu vidonge.
Kisha bomba: maneno yanaingia huku, yanatoka yamebanwa.
Kilobaiti mia mbili zikawa ishirini na moja.
Nikaogopa. Nani kakatwa humo?

Hakuna, akasema Eilidh kwenye simu, akitafuna kitu.
Kinachojirudia huandikwa mara moja,
kwingine inabaki ishara tu: rudi nyuma hatua kadhaa, chukua tena.
Mtu akijirudia sana, anabanika sana.

Umekula? Huko baridi? Nakijwa anakusalimu. Umekula?
Jumapili mia tano na ushei.
Tulikuwa tukimcheka, mimi na Nakijwa,
kwamba mama ana maneno manne.

Nikalifungua faili, nihakikishe.
Yalirudi yote, kila Umekula na Jumapili yake,
hata ule wa Machi, wa mwisho,
usio na alama ya kuuliza.

2009 haukurudi.
Najua ulisema nini. Kujua si kuwa nacho.

Nje mvua hainyeshi, inavuma upande.
Nikaandika kwa vidole baridi,
mishale nikaihesabu kabla ya kubonyeza:

"Nimekula, mama." >> mama

Faili likaongezeka baiti kumi na sita:
kumi na tano za kusomeka,
na moja ya kushuka mstari.