Kiazi cha Mbegu

Isongole, saa moja jioni. Ukungu umeshafika mlangoni
kama jirani asiyebisha hodi.
Gwantwa ametandika gazeti mezani, kaweka fomu juu yake
isichafuke na udongo wa viganja vyetu.
Mistari miwili: chaguo la kwanza, chaguo la pili.
Kalamu ya risasi, maana mimi na baba yake
tunajulikana kwa kubadili mawazo.

Ya Iringa, anasema Mwalimu Mgaya,
ina maabara yenye mabomba yanayotoa maji kweli,
na mwalimu wa Fizikia anayefundisha hata Jumapili
baada ya ibada, bila kuombwa.
Ya Mbeya, anasema Mwalimu Mgaya yuleyule, siku ileile,
ina maktaba inayofungwa saa nne usiku
na matroni anayemwita kila msichana kwa jina la nyumbani.
"Mama Gwantwa, popote utakapotupa jiwe litatua penye maji."
Akacheka. Mimi sikucheka.

Laiti moja ingekuwa mbovu!
Paa linavuja, walimu wawili, maharage yenye wadudu,
ningejua la kufanya kabla ugali haujaiva.
Ubaya una adabu: hukuonyesha mwenyewe njia ya kuukimbia.
Lakini mema mawili, yamekaa kando kwa kando
kama wakwe waliofika siku moja,
nani nimpe kiti chenye mgongo?

Anyosisye anapiga hesabu kwa magunia.
Iringa: nauli ni gunia na debe, kwenda tu.
Mbeya: debe moja linatosha, na chenji ya sabuni.
Tena Mbeya akiugua nitafika kabla uji haujapoa.
Kisha anaifuta hesabu yake mwenyewe:
"Sasa tunampeleka shule, au tunamfunga kamba karibu na zizi?"
Akanyamaza. Mkaa ukapasuka jikoni badala yake.

Shangazi Sekela kapiga simu kutoka Ipogolo:
"Mleteni huku, nitamwona kila mwisho wa mwezi."
Bibi yake, kutoka chumbani, chini ya mablanketi matatu:
"Huko Iringa upepo unakausha midomo."
Hiyo ndiyo hoja yake yote, wala hakuiongeza.

Mimi najua mbegu.
Kiazi kizuri kikiwa na macho mawili nakikata,
napaka majivu penye kidonda,
jicho hili shamba la juu, jicho lile bondeni,
Mungu akininyima huku hunipa kule.
Nikamtazama Gwantwa ameinama chini ya taa ya sola,
macho yake mawili,
na kisu changu hakina kazi hapa.

Saa tatu ndipo nilipogundua.
Kwenye mstari wa kwanza karatasi ilikuwa imechakaa,
imeandikwa, imefutwa, imeandikwa,
na herufi zimeacha mifereji;
ukiiinamisha kwenye mwanga zinasomeka.
Iringa. Mbeya. Iringa. Iringa.
Kumbe alikuwa anatusubiri sisi tuseme
alichokwisha kukisema mara tatu peke yake.

"Andika," nikamwambia. "Kwa wino."
"Ipi, mama?"
"Ile iliyoikwaruza karatasi zaidi."

Akaandika. Mkono wake haukutetemeka; wangu ndio.

Sasa wamelala. Viazi viko ghalani, fomu iko ndani ya Biblia.
Nami namuwaza msichana nisiyemjua,
wa Makete labda, au wa Ileje,
atakayepewa kitanda kile cha Mbeya
ambacho wiki mbili nzima nilikuwa nikikitandika moyoni:
shuka la bluu, soksi za sufu chini ya mto.
Namwombea blanketi zito tu.
Julai, baridi ya huko haina mchezo.