Mti wa Kichwa Chini

Nilianza na daftari lililokwisha pangwa:
kitwa, mato, nde, ndia, tini.
Kila neno likatundikwa kulia kwa lililotangulia,
kulia, kulia tu,
hata mti wangu ukawa kamba ya kuanikia nguo
kutoka dirisha letu la Kibokoni hadi la jirani.
Kulifikia "tini", programu ilipapasa kila shuka.

Nikafuta.
Nikamwendea Bi Zuwena, mamake mama,
mikono imezama katika unga wa mahamri.
"Nipe maneno, vyovyote yajavyo."

Moshi ulimwingia: "Mato yangu!"
Hilo likawa mzizi, nao uko juu,
maana mti wa kompyuta huota kichwa chini.
"Nipishe ndia," akamwambia paka. Kulia.
Kitwa kinamgonga. Kushoto.
Sukari imemwagika tini: kulia, kisha kulia.
"Toka nde!" Kulia, kisha kushoto.
Soga lisilo na mpango
likanisimamishia mti wenye matawi.

Nikalijaribu "tini". Hatua tatu.

"Ndoo!" akaita kutoka jikoni.
Nikampelekea ndoo, imejaa maji.
Alicheka hadi mtandio ukamdondoka,
nami, mtoto wa Nakuru, nikarudi kutafuta:
kulia kwa mato,
kulia kwa ndia,
kushoto kwa tini,
patupu.

Na hapo patupu, si kwingine,
ndipo palipokuwa pake.
Nikaandika: ndoo, yaani njoo.

Nikaenda. Mahamri yalikuwa bado yamefura.