Kilo Arobaini

Mwalimu Kidawa husema: kwanza sawazisha,
usikimbilie kikokotoo kama mbuzi aliyeona pumba.
Kushoto jiwe, kulia chokaa na hewa.
Kalsiamu arobaini, kaboni kumi na mbili,
oksijeni kumi na sita mara tatu.
Jumla mia. Mia kamili,
kana kwamba jiwe la Kiomoni liliumbwa
ili kumwondolea mwanafunzi shida ya chenji.
Mia ikiungua, hamsini na sita hubaki tanurini,
arobaini na nne hupaa.
Haina rangi, haina harufu, haiagi.

Hayo niliyaandika Jumanne.
Alhamisi kaka Hatibu akarudi na nusu ya ujira.
"Tani moja ya mawe imeingia," msimamizi Shelukindo kamwambia,
"chokaa imetoka kilo mia tano na ishirini.
Mia nne na themanini umempa nani?"

Nikakaa kizingitini, taa ya sola mapajani.
Kilo elfu moja. Gramu milioni.
Gawanya kwa mia: moli elfu kumi.
Moli moja ya jiwe, moli moja ya chokaa,
sako kwa bako.
Zidisha kwa hamsini na sita.
Kilo mia tano na sitini.
Mia nne na arobaini, nikamwambia, mwizi wake ni moto.

Kesho yake nikaenda mwenyewe, na sare, madaftari kwapani,
nikamwandikia Shelukindo mlinganyo
kwa kipande cha mkaa, nyuma ya mfuko mtupu.
Alisoma polepole, midomo ikicheza.
Miaka kumi na tisa amepima mawe,
hajawahi kuupima moshi.
Akacheka, akamrudishia Hatibu hela yake,
kisha akaweka kidole pale chini:
"Na hizi? Mia tano sitini kutoa mia tano ishirini?"

Nilisema jiwe si safi, lina udongo.
Nilisema kiini cha jiwe kubwa hakiivi.
Nilisema mavuno ya mia kwa mia yako kitabuni tu.
Yote kweli. Yote huulizwa kwenye mtihani.
Lakini arobaini, kwa Kiswahili, haiji peke yake;
huja imeshika mkono methali yake,
na Hatibu alikuwa anatazama viatu vyake,
vyeupe hadi kwenye kamba.

Nyumbani ukuta wa chumba cha mama
umepakwa chokaa wiki iliyopita.
Ulikuwa na ukungu mweusi pale anapolaza kichwa,
na usiku kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi.
Sasa analala.

Sikuuliza. Nilichukua daftari.
Chokaa hunywa maji, hushika ukuta,
kisha taratibu, siku baada ya siku,
huivuta tena ile hewa iliyoikimbia tanurini
mpaka ikawa jiwe.
Arobaini gawanya kwa hamsini na sita, zidisha kwa mia.
Kilo sabini na moja, nukta nne.
Hata pumzi ya mama imo humo,
upande wa kushoto wa mlinganyo.

Nimesawazisha. Nimehakiki mara mbili.
Jibu nimelizungushia duara kwa penseli,
si kwa kalamu.