Tikiti Namba 1022117

Muhoroni, siku ya pili kwenye foleni ya mizani.
Miwa yangu inakauka ndani ya trela,
kila saa inapunguza kilo, na kilo ndiyo pesa.
Opondo dereva amelala chini ya ekseli, kofia usoni.
Mimi nina kalamu, nina tikiti,
na nyuma ya tikiti ni peupe.

Milioni moja, elfu ishirini na mbili,
mia moja na kumi na saba.
Ni witiri, mbili haina kazi hapa.
Jumlisha tarakimu: kumi na nne. Tatu, nenda zako.
Tano haigusi kinachoishia na saba.
Saba yenyewe inabakiza tano,
kumi na moja inabakiza nane,
kumi na tatu inabakiza tano tena, kama jirani
anayerudisha sufuria na ukoko uleule.

Nilifundisha hesabu darasa la saba pale Tamu,
kabla ya shamba, kabla ya ndoa.
Ubaoni niliandika: namba tasa,
isiyogawika ila kwa moja na kwa yenyewe.
Watoto walinakili. Sikusita kwenye neno.
Neno lilinisubiri ukweni.
Lilikuja na chai, mchana, watu wakiwepo,
kwa Kijaluo, lakini nililitambua.

Usiku, kwa taa ya simu, nimevuka mia tano.
Tikiti imejaa; nahamia kwenye karatasi
iliyofungiwa mandazi, wino unateleza kwenye mafuta.
997 inabakiza mia moja tisini na mbili.
Tasa mia moja sitini na nane nimezipitisha,
hakuna iliyoingia ikatoka bila kuacha makombo.
Nimeinua kalamu niandike hukumu.

Ngoja.
1011 mara 1011 inaizidi kwa nne tu,
kwa hiyo sina haja ya kwenda mbali zaidi,
ila kabla ya hapo umebaki mlango mmoja, 1009.
Mara elfu moja na kumi na tatu.
Hakibaki kitu.
Narudia. Hakibaki kitu.

"Mapacha!" namwambia Opondo.
"Wa nani?"
Apiyo ni 1009, Adongo 1013,
kila mmoja hatua mbili kutoka 1011,
na wote wawili, nimewapima, ni tasa.
Aliyebuni jina hilo hakuwahi kuzidisha:
ondoa tasa duniani, uone kama utapata hata sita.
Opondo amesharudi chini ya kofia.

Alfajiri trekta zinanguruma. Karani Dolfina
anapokea tikiti, hageuzi nyuma,
anaichoma kwenye msumari juu ya zile nyingine.
Tani kumi na nusu.
Juzi, kwa kukadiria, zilikuwa kumi na moja.

Wa nyuma yangu ana 1022118.
Shufwa hiyo.
Huyo alilala.