Ukoko

Kijiji chao kinaitwa Ness, nami ni nesi.
Mzaha huo niliufafanua mara moja tu;
Bi Oighrig akacheka hadi meno ya bandia yakamtoka.
Jina lake lilinichukua wiki mbili kulitamka.
Hapa ni ncha ya juu ya Kisiwa cha Lewis,
upepo haubishi hodi
na miti imeona heri isizaliwe.

Alhamisi. Namfunga mkanda mkononi, natafuta mshipa,
mwembamba kama uzi wa vifungo.
Majibu ya juma lililopita: themanini na nane.
Mwanamke aanzie mia na ishirini.
"Jana ulikula nini?"
"Chai."
"Na leo asubuhi?"
"Chai na biskuti. Kwani ni sikukuu?"

Dirishani pana trei la mayai.
Kuku wake kumi na mmoja hawajui likizo.
Sita ya mchungaji, kumi na mawili ya kijana wa jirani
anayemkatia ule udongo mweusi,
matofali wanayoyakausha wakayachoma badala ya kuni.
(Kwetu udongo tunautafuna tukiwa na mimba.
Hapa, angalau, unapasha miguu.)

"Anayetoka baharini ndiye mwenye yai," anasema.
"Torcuil wangu kwanza. Kisha wavulana.
Kisha mbwa, maana mbwa anachunga kondoo."
"Na wewe?"
"Mimi nilikuwa jikoni,"
kana kwamba jikoni ni chakula.

Nikamkumbuka mama mdogo Mwantumu, Kondoa.
Firigisi ya babu, paja la mjomba,
yeye ukoko wa ugali na mchuzi uliobaki kwenye mwiko.
Yai asiguse, mtoto atazaliwa kipara.
Alizaa watano, wote na nywele za kuchana.
Kwa wa tano damu haikukoma,
naye hakuwa na damu ya kumwaga.
Kwenye matanga yake
wanaume walipakuliwa kwanza.

Karatasi ya hospitali inasema dengu, spinachi, maji ya machungwa.
Spinachi ikifika huku imechoka kuliko abiria.
Nikaikunja. Nikamuuliza mamaye alipika nini.

Akanyooka kitini.
Kichwa cha samaki, akasema, unakijaza ini na unga wa oti,
unakichemsha taratibu.
Wanaume walikiona kinyaa, walitaka mnofu mweupe,
basi kikawa chetu, tukakila tumesimama, tukinyonya vidole.
Na msimu wa kuchinja, damu ya kondoo,
tukiikoroga kwa mikono hadi viwiko vikawa vyekundu.
Mimi damu siili, dini imenikataza,
lakini kalamu yangu ikahesabu chuma
na kuandika: ndiyo.
"Mbona uliacha?"
"Nani ampikie mtu mmoja?"

Nilikuwa nafunga mkoba aliponishika kidevu.
"Njoo mwangani."
Kidole gumba chake, chenye harufu ya moshi,
kikavuta chini kope langu.
"Mweupe kama tumbo la samaki.
Nesi, leo umekula nini?"

Nilitafuta uongo ulio karibu.
Garini mna nusu pakiti ya krispi na chupa ya chai.
Paja la kuku nililifungia Idrisa, la shule;
la pili aliliomba baba yake.
"Nilikuwa kazini," nikasema.

Hakunijibu. Akaliendea trei,
akatoa manne katika yale sita.
"Mchungaji ana tumbo la akiba."
Siagi ikalia kikaangoni.
Sahani mbili, za harusi yake, zenye maua yaliyofifia.
Basi tukaanza: tangulia wewe, la, wewe mgeni,
la, wewe mkubwa, la, wewe una safari,
tukabishana hadi mayai yakaanza kushika chini.

Tulikula sawia, bila kuangaliana.
Ukoko tukamwachia mbwa.