Kitufe cha Duara

Ranno wa dukani kaniwekea vitano mezani
kama mtu anayepanga samaki:
huyu mnene, huyu mwembamba,
huyu ana masikio mawili ya chuma.
Nje Tartu inateleza. Theluji ya juzi imegeuka kioo,
nami nimekuja kwa basi, na vidole vya miaka sabini na moja
ndani ya glavu nilizofuma mwenyewe.

"Hiki kina njia nne. Unaweza kurekodi bendi nzima."
Bendi nzima ni mimi, Ranno.
Mimi na kannel ya mama, nyuzi kumi na mbili,
mmoja haushiki sauti, unajiendea
kama mjomba aliyelewa harusini.

"Hiki kina menyu." Akaifungua.
Ndani ya menyu mna menyu,
na ndani ya hiyo mna nyingine;
nikamkumbuka shemeji yangu
aliyekwenda ofisi ya ardhi kufuata karatasi moja
akarudi na mvi.

Kuuliza si ujinga. Nikauliza:
betri zikifa katikati ya wimbo, wimbo unakufa nazo?
Na betri zenyewe, ni hizi za tochi,
ninazozipata hapo chini kwa muuza mkate,
au ni za kuagiza na kungoja?
Taa yake naiona bila miwani?
Nikinong'ona kinasikia? Nikigonga nyuzi kwa hasira
hakipasui sauti?
Hapo Ranno akatoa kidude kimoja sikioni mwake
kama mtu anayevua kofia.

Nikafumba macho.
Nikavipapasa kimoja kimoja.
Cha kwanza vitufe vyote ni mapacha.
Cha pili hakina kitufe, ni uso mtupu wa kuteleza.
Cha tatu na cha nne sivikumbuki.
Cha tano kidogo kuliko kipande cha mkate mweusi,
rangi yake maji ya kuoshea vyombo,
na katikati, kimeinuka, cha duara,
kama kifungo cha koti la baridi.
Kidole gumba kilikiona kabla yangu.

"Hicho ni cha wanaoanza," akasema.
Basi ni changu.
Mimi naanza tangu mwaka wa hamsini na nane.

Jikoni nikakiweka juu ya kopo la sukari,
mkono mmoja kutoka kwenye nyuzi.
Friji ikanguruma; nikaichomoa.
Juu, Õie anaburuta ndara zake;
nikagonga dari kwa mpini wa ufagio,
akajua, akakaa.
Nikabonyeza. Taa nyekundu. Nikacheza.

Kisha nikasikiliza.
Kiti kinalalamika. Bomba la joto linameza mate.
Na mwanamke fulani anavuma puani,
chini chini, mwanzo hadi mwisho,
nani huyu, nikageuka kumtafuta.
Kumbe.

Halafu sehemu ya tatu, na mbio zake.
Mbio za sakafuni, ukingo unaonekana, naye hapungui.
Hapo hapo mama alikuwa akikimbia.
Miaka ishirini nilimwambia, mama, taratibu,
naye: "Nani anakimbia?"
Leo shahidi amekaa juu ya sukari,
halipwi mshahara, hajui kubembeleza.

Nikabonyeza tena, nikacheza tena,
nikaenda kulala.

Asubuhi siagi imelala kifudifudi,
maji yamefika mlangoni.
Cha kuwaka kimezimwa usiku kucha,
na cha kuzimwa kinawaka, chekundu, juu ya kopo:
saa tisa za jikoni pangu,
tone, kimya, tone,
Õie akiamka kwenda msalani,
theluji ikiporomoka kwenye paa,
na alfajiri mimi, kutoka chumba cha pili,
nikikohoa kama mtu anayebisha hodi.

Ranno hakunionyesha namna ya kufuta.
Nami, katika maswali yangu yote,
hilo sikumuuliza.